Msichana anasimulia leo, mwanamke anasimulia jana

Binti wa kaka yangu ana miaka 15 na tangu mwaka jana tunabadilishana vitabu, mi nampa changu yeye ananipa chake, na sharti letu ni moja tu, harudishi mtu kitabu bila kusema ukweli wa moyo wake. Sasa aliponirudishia Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ alikuwa amekasirika kwelikweli. "Shangazi, huyu mama ana watoto 12, mume kaenda kuoa rafiki wa binti yake halafu kamtelekeza, na yeye kurasa zote hizo anaandika barua tu. Mbona haondoki?" Nikamjibu harakaharaka vile watu wazima tunavyojibu, nikamwambia utaelewa ukikua. Usiku sikulala vizuri, maana swali lilikuwa zuri kuliko jibu langu, na jibu la "utaelewa ukikua" ndo hilohilo lililowahi kunifungia vitabu vingi mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake.

Basi nikavishusha vitabu vyangu vyote vya aina hizi mbili, riwaya za vijana na riwaya za wanawake wa leo, nikavitandaza kitandani nikaanza kuvipanga upya, si kwa mwandishi wala kwa mwaka, nikavipanga kwa swali moja, huyu msimulizi amesimama wapi wakati anatuambia? Yumo ndani nyumba ikiwaka, au yuko nje, miaka imepita, anatuonyesha majivu? Nilipomaliza kupanga ndo nikaona rafu za maduka ya vitabu zinatudanganya. Wao wanagawa kwa umri wa mhusika. Mimi naona kinachogawa hasa ni umbali, yaani msimulizi yuko mbali kiasi gani na maumivu yake.

Huo mgawo wa rafu wenyewe una historia ambayo haijawatendea haki wasichana. Wengi huanzia hesabu ya riwaya za vijana kwenye The Outsiders ya mwaka 1967, na aliyeiandika ni msichana, alianza akiwa bado mwanafunzi na kitabu kikatoka ana miaka 18, lakini jina kwenye kava likawekwa S. E. Hinton, herufi tu, ili wahakiki wasijue kuwa stori ya wavulana wa mtaani imeandikwa na mwanamke. Miaka mitatu baadaye, 1970, Judy Blume akaandika kuhusu msichana wa karibu miaka 12 anaezungumza na Mungu wake na kusubiri hedhi yake ya kwanza, na kitabu kikapigwa vita kwenye maktaba za shule miaka na miaka. Na huku upande wa pili, mwanamke akiandika kuhusu ndoa inaitwa riwaya ya wanawake, mwanaume akiandika kuhusu ndoa ileile inaitwa riwaya, basi, bila jina la pembeni. Hili linaniuma na sitaacha kulisema.

Sa tuje kwenye vitabu vyenyewe.

Cha kwanza kumpa mtu yeyote, wa umri wowote, ni Speak ya Laurie Halse Anderson, 1999. Melinda anaanza sekondari na shule nzima inamchukia, sababu kwenye pati ya likizo alipiga simu polisi, pati ikavunjwa, na hakuna hata rafiki mmoja aliyemuuliza kwa nini alipiga. Hata sisi wasomaji hatuambiwi mapema. Mwandishi kamwacha Melinda na kila kitu kasoro lile neno moja, anatusimulia basi la shule, meza za chakula, walimu aliowabandika majina, chumba cha stoo alichokigeuza maficho yake, mwalimu wa sanaa aliyempa kazi ya kutengeneza mti, mti tu, mwaka mzima, na miti yake inakataa kuwa hai. Kila ukurasa unamwona anavyozunguka shimo bila kulitazama. Na vitenzi vyake ni vya sasa hivi, anaingia, anakaa, anatazama, anameza mate, hana nafasi ya kurudi nyuma hatua moja aelewe kilichompata. Kilichompata ni kubakwa, naliandika wazi kwa sababu msomaji mwingine anahitaji kujua kabla hajakifungua.

Mi nilikisoma nikiwa mtu mzima na kilinivunja kwa namna ambayo hakikumvunja binti yetu. Yeye aligundua pamoja na Melinda, hatua kwa hatua, na alipofika pale akakiweka chini akaja jikoni kukaa karibu na watu. Mimi nilishajua toka kurasa za mwanzo, nikawa nasoma kama mtu anaemwona mtoto upande wa pili wa mto na sauti haivuki. Kitabu kimoja, wasomaji wawili, umbali mbili tofauti. Ndo maana huwa nashangaa mtu mzima anaesema riwaya za vijana hazimhusu, kwa sababu kuna kitu kwenye vitabu hivi ambacho mtu mzima peke yake ndo anakipata, na hakipendezi, lakini ni cha kweli.

Cha pili ni The Poet X ya Elizabeth Acevedo, 2018, hiki kilichukua tuzo ya taifa ya vitabu vya vijana Marekani mwaka huohuo na mwaka uliofuata kikachukua medali ya Carnegie kule Uingereza, na chote kimeandikwa kwa mashairi. Wenzetu walikiona kama jambo jipya, msomaji wa Kiswahili hastuki, tendi tunazo tangu zamani. Na mimi kila nikikisoma namkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu, mwaka 1858, mgonjwa, anamwita binti yake asogee karibu, achukue wino na karatasi, ana maneno moyoni anataka kumwambia. Angalia hapo nani kashika nini. Binti kashika kalamu, maneno ni ya mama. Halafu pita miaka 160 ufike kwa Xiomara, msichana wa Harlem mwenye mama wa Kidominika, kashika kalamu na maneno ni yake mwenyewe, kuhusu mwili wake, kuhusu kanisa, kuhusu kijana anaempenda, na mama akilikuta lile daftari analichoma moto. Ule ukurasa wa daftari kuungua mi nausoma nimesimama, siwezi kukaa, kwa sababu binti anasoma mashairi yake kwa sauti huku yanaungua na mama anamjibu kwa maneno ya sala, wote wawili wanatumia maneno waliyoyahifadhi moyoni, na hakuna anaemsikia mwenzake.

Halafu kuna kitu hapo kilichonisumbua mpaka nikaelewa hii habari yote ya umbali. Yule mama alitaka kuwa mtawa, akaozeshwa. Tunaambiwa hivo, kidogo tu, kwa jicho la binti, na binti wa miaka 15 aliekasirika hawezi kukupa zaidi ya hapo na hatupaswi kumdai. Nikajikuta nataka kitabu cha huyo mama. Na vitabu vya huyo mama vipo, vimejaa, ndo hizo zinazoitwa riwaya za wanawake! Mama aliye ukuta kwenye riwaya ya vijana, geuza upande, ndo mhusika mkuu wa ile nyingine.

The Hate U Give ya Angie Thomas, 2017, sitakaa nayo sana kwa sababu wengi mmeisoma au mmeona filamu yake, lakini iko kwenye orodha yangu kwa jambo moja, Starr ana sauti mbili. Ya mtaani kwao na ya ile shule ya kulipia yenye wazungu wengi, na anapima kila neno kabla halijatoka. Polisi anapomuua rafiki yake Khalil mbele yake, brashi ya nywele ikidhaniwa bunduki, swali la kitabu linakuwa atatoa ushahidi kwa sauti ipi. Thomas hakumwondoa kwenye usasa wake, anaogopa sasa hivi, anakasirika sasa hivi, anakosea sasa hivi. Hapa ndo riwaya nyingi za vijana zinaanguka na naomba nilisemee kidogo kwa sababu linanikera kama msomaji: unakutana na msichana wa miaka 16 anaechambua kiwewe chake kama mshauri nasaha wa miaka 40, anajua jina la kila kidonda, anasamehe kwa sentensi zilizopigwa pasi. Huyo siyo msichana, huyo ni mwandishi amevaa sare ya shule. Mtoto akisoma vitabu vitano vya hivo anaanza kudhani ana kasoro kwa kuwa yeye mwenyewe hana hayo majibu.

Katikati kabisa ya kitanda changu, penye mpaka, nilikiweka Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie, 2003. Kambili ana miaka 15, baba yake ni mtu wa dini, tajiri, mfadhili wa watu wengi, anachapisha gazeti linaloikosoa serikali ya kijeshi, na nyumbani anawapiga mkewe na watoto. Anasimulia kwa wakati uliopita, kwa hiyo ungetegemea awe ameshaelewa, ameshapata hasira, lakini hana, au anayo na hajui kuishika, anamsimulia baba yake kwa mapenzi huku maji ya moto yanamwagwa miguuni kwake. Mpaka aende kwa shangazi yake Ifeoma kule Nsukka, nyumba ndogo, vicheko, watu wanabishana mezani, ndo anagundua kwamba kimya cha kwao kilikuwa na sura. Maduka mengine yanakiweka kwa vijana mengine kwa watu wazima na mi naona wote wako sawa, sababu Kambili miguu yake imeshatoka kwenye ile nyumba na sauti bado imo ndani. Ukiniambia niache vitabu vyote nibaki na kimoja cha kumpa msichana na mama yake wasome kwa zamu, ni hiki.

Sa linganisha na Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga, 1988. Tambudzai ni mdogo kuliko Kambili, ana miaka 13 kaka yake anapofariki, na sentensi ya kwanza kabisa anatuambia hakusikitika. Hakuna msichana wa 13 anaeweza kusema vile. Yule ni mwanamke mzima anaongea, ameshapima, ameshakaa na hilo jambo miaka, na anajua litatustua na hataki kutubembeleza. Kaka alikuwa anakwenda shule kwa sababu ni wa kiume, Tambu akalima mahindi yake mwenyewe apate ada, na kaka huyohuyo akawa anamwibia mahindi akawagawie watu. Mhusika ni mtoto, kitabu siyo cha utoto, na tofauti yote iko kwenye umbali. Kisha kuna binamu yake Nyasha, aliekulia Uingereza miaka kadhaa, anaebishana na baba mpaka mwili wake wenyewe unakuwa uwanja wa vita, anakataa kula, na siku anapozirarua karatasi za vitabu vya historia kwa meno yake mi nahisi kitabu kimefika mahali ambapo Tambu hata sasa, na umbali wake wote, bado hajapona.

Na kilichonifanya nimheshimu Dangarembga kuliko karibu mwandishi yeyote wa kundi hili ni alichofanya baadae. Aliendelea na Tambu kwenye The Book of Not, 2006, halafu This Mournable Body, 2018, miaka 30 tangu cha kwanza, na hicho cha tatu kikafika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 2020. Tambu sasa ni mwanamke wa makamo, amesoma, hana kazi, anapanga hosteli ya wasichana wakati umri wa usichana ulishampita. Na hasemi tena "mimi". Kitabu kizima ni "wewe". Wewe unaamka, wewe unajitazama kwenye kioo, wewe umeshindwa. Yaani yule aliyeanza kwa "mimi" ya uhakika kiasi kile amesukumwa mbali na nafsi yake mpaka anajiita kama unavyomwita mtu mwingine. Nilipoliona hilo nilikifunga kitabu nikakaa. Kumbe umbali siyo busara kila wakati, mwanamke anaweza kusimama mbali na maumivu yake kwa sababu ameelewa, au anaweza kusimama mbali kwa sababu hawezi kukaribia, na ukisoma haraka hizi mbili zinafanana.

Ndo maana Eleanor Oliphant Is Completely Fine ya Gail Honeyman, 2017, ninaitetea kila nikisikia inaitwa kitabu chepesi cha wikiendi. Eleanor anakaribia 30, anafanya kazi ya hesabu ofisini Glasgow, wiki zake zote zinafanana, kila Jumatano anaongea na mama yake kwa simu, na anatusimulia haya kwa Kiingereza kilichonyooka kama barua ya benki. Kwa umri ni riwaya ya mwanamke mzima. Kwa umbali, mwekeni karibu na Melinda! Wote wawili wanaongea sana kuhusu kila kitu kasoro kimoja, wote wana shimo, na aliewaokoa siyo mapenzi, ni mtu mmoja wa kawaida aliekaa karibu nao bila haraka. Sitasema shimo la Eleanor ni nini.

Stay With Me ya Ayòbámi Adébáyò, 2017 pia, inastahili mistari michache hapa kwa sababu inafanya kitu kigumu. Yejide hapati mtoto, ukoo wa mume unamletea mke mwenza, anasimulia yeye, halafu anasimulia mume, Akin, kwa zamu. Unamwamini Yejide kabisa mpaka mume anapofungua mdomo, na hapo unagundua kwamba kuna jambo kwenye ile ndoa ambalo mke hakulijua, siyo kwamba alilificha. Umbali haukumsaidia maana alichonyimwa ni taarifa. Na Little Fires Everywhere ya Celeste Ng inavunja kabisa kanuni yangu kwa sababu haina "mimi" hata moja, msimulizi yuko juu anaingia kwa mama anatoka anaingia kwa binti, nyumba inaungua ukurasa wa kwanza na kuna mtoto mchanga anaegombewa na mama wawili, na nadhani imependwa na mabinti na mama zao kwa pamoja kwa sababu hakuna upande uliopewa kipaza sauti peke yake. Bado nawaza niiweke wapi.

Nirudi kwa Ramatoulaye, yule mama wa Barua Ndefu Kama Hii, na yule binti yetu aliyekasirika.

Nilimwita tena baada ya wiki mbili nikamwambia jibu langu lilikuwa baya, naomba nijaribu upya. Nikamwambia wewe umezoea wasimulizi walio ndani ya moto, na ukiwa na mtu ndani ya moto kazi yako ni kumpigia kelele atoke. Huyu mama anatuandikia akiwa eda, miezi minne na siku kumi, mume ameshakufa, haruhusiwi kwenda popote na hana pa kukimbilia, kwa mara ya kwanza maishani ana muda wa kugeuka na kutazama. Na hajakaa tu. Angalia anaemjia kumposa akiwa bado kwenye msiba, shemeji yake, angalia anavyomjibu, kimya cha miaka kinapasuka mbele ya watu. Angalia mabinti zake wanavyovuta sigara na yeye anashtuka, na mmoja anapopata mimba akiwa mwanafunzi, mama unaedhani atachoma daftari anamkumbatia. Yule mama wa kwenye The Poet X, nikamwambia, laiti angepewa hizo siku za kukaa na kutazama.

Akanisikiliza, hakukubali yote. Akasema sawa, lakini bado ningependa kusoma cha mwanamke aliyeondoka. Nikamuuliza, barua anaandikiwa nani? Akakaa kimya kidogo. Anaandikiwa Aissatou, rafiki yake, ambaye mume wake nae alioa mke mwingine, na yeye akaondoka na wanawe, akasoma, akapata kazi ya ubalozi ng'ambo. Mwanamke aliyeondoka yumo kwenye kitabu toka mstari wa kwanza, ndo msomaji wa ile barua, aliebaki anaandika na aliyeondoka anasoma, na hakuna anaemwambia mwenzake kwamba alikosea. Binti hakuwa amemwona kwa sababu Aissatou haongei, anaongelewa. Isipokuwa sehemu moja. Ile barua aliyomwachia mumewe siku anaondoka imo mle ndani, Ramatoulaye ameinakili, ni fupi sana.

Akakichukua tena kitabu na kwenda nacho chumbani kuitafuta. Mi nimemwekea Nervous Conditions kando, na hicho cha tatu cha Tambu, kile cha "wewe", nimekiweka juu yake, nilitaka kukificha mpaka afike 18 nikaona huko ni kurudi kwenye "utaelewa ukikua" kwa mlango wa nyuma. Atakifungua akitaka. Yeye zamu hii ameniachia kitabu cha mashairi cha msichana ambaye simjui kabisa, na kaandika kwa penseli ukurasa wa kwanza, "Shangazi usikimbilie mwisho."